Sajenti Misheck Ndambiri Kathuri: Aliyekichora Kilima, Akakiogopa

Kabla wasifu huu haujasomwa, familia inawaomba waombolezaji wote wabaki ng'ambo hii ya bonde, hapa uwanjani pa kituo cha majani chai, wasivuke kwenda nyumbani kwa marehemu. Wanaume waliochaguliwa ndio watakaovusha jeneza, na mchungaji amekubali kwenda nao. Mvua ikianza, hata kama ni manyunyu, wataacha makoleo pale pale na kurudi. Wageni waliotoka mbali wasifikiri kwamba watu wa Kanja hawana adabu ya kumsindikiza mtu hadi kaburini. Sababu ya haya yote imo ndani ya maisha ya mzee tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 24 Novemba 2023. Dada yake Rwamba, aliyepewa kazi ya kuyaandika na kuyasoma, ataifikia kwa utaratibu wake wa mwalimu, kama alivyozoea darasani.

Misheck Ndambiri Kathuri alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapa Kanja, mtoto wa kwanza wa Mzee Kathuri na mama Ruguru, wote wawili marehemu. Alikuwa bado anajifunza kuchunga mbuzi wapimaji walipokuja kugawa mashamba upya, kila familia ikapewa chake kwa kamba na vigingi. Mashamba ya huku mnayajua: ukiangusha kiazi mlangoni, unakiokota mtoni. Lakini Mzee Kathuri alipata kipande tambarare chini ya kilima cha Karima, kile mnachokiona pale mbele, na watu wakakiita Sahani. Walimwonea wivu hadi akafa. Maji yalikuwa karibu, udongo ulikuwa laini, na jembe liliingia bila kugombana na jiwe. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mahali pamoja tu, katika mteremko wote ule, palikuwa hivyo.

Tuseme ukweli, maana marehemu mwenyewe hakuuficha: Ndambiri alikuwa mwoga tangu utotoni. Kwenye kivuko cha mto kulikuwa na gogo, naye hakulikanyaga asubuhi hata moja kabla ya kulichomachoma kwa fimbo, huku watoto wengine wakimpigia miluzi. Rwamba, kitinda mimba, alikuwa akivushwa mgongoni mwake, na alimwonea aibu kwa sababu kila siku walichelewa shule. Siku moja mvulana mmoja, shujaa wa kila kitu, aliwapita mbio, gogo likakatika, akavunjika mkono. Ndambiri hakumcheka. Alimbeba hadi kwao, kisha akarudi kumchukua dada yake aliyekuwa bado amesimama ukingoni analia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na katika familia yetu methali hiyo ilikuwa kama jina lake la pili.

Alisoma shule ya msingi hapa Kanja, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1973, kisha akaendelea hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka 1977. Hesabu zilimsumbua. Jiografia ilimpenda. Wakati wa mapumziko alichora nchi nzima mchangani kwa kijiti, maziwa na mipaka na reli, na hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga mpaka kengele ilie. Mwalimu wake alimwambia mzee wetu kwamba kijana huyu hatapotea popote duniani. Mzee akajibu kwamba hawezi kupotea, kwani haendi mahali.

Akaenda. Mwaka 1979 alijiunga na jeshi, jambo ambalo kijiji kizima kililiona kama mzaha, mwoga kwenda kushika bunduki. Baada ya mafunzo ya kuruta huko Eldoret, ofisa mmoja aliona jinsi alivyochora njia ya kambi nyuma ya kibiriti, na Ndambiri akapelekwa kitengo cha ramani cha jeshi, Nairobi. Huko alikutana na Thuranira, mtu wa Maua, ambaye yuko nasi hapa leo, na wakakaa meza moja hadi kustaafu. Kazi yao ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza ni mezani, kuchora. Pili ni kutembea nchi wakiwa na karatasi mkononi, kuhakikisha kwamba kisima kilichochorwa kipo kweli na kuwauliza wenyeji kila mahali panaitwaje, maana ndege hupiga picha ya mlima lakini haiwezi kupiga picha ya jina.

Hapo ndipo woga wake ulipoanza kuwa wa maana. Wakiwa kaskazini, kwenye nchi kavu ya wafugaji, walimuuliza mzee mmoja jina la kisima, na yule mzee akaitazama kwanza karatasi waliyoshika. Kisha akawatajia jina ambalo hata mkalimani alilishangaa. Thuranira alitaka kubishana naye. Ndambiri alimvuta pembeni.

"Huyu mzee anaogopa," akamwambia. "Amejua tukiandika jina, siku moja kuna watu watakuja hapa na ramani, na hajui ni watu gani. Wewe ungesema?"

Waliandika kwamba jina halikuthibitishwa, wakaendelea na safari. Thuranira anasema siku hiyo alielewa kwamba mwenzake hakuwa na woga wa kukimbia. Alikuwa na woga wa kuangalia, na ndio uliomfanya awe mchoraji mzuri. Alipandishwa cheo hadi Sajenti, na alistaafu kwa heshima tarehe 30 Juni 2007.

Katika safari hizo hizo ndipo alipompata mke. Mwaka 1987 walitumwa upande wa Nkubu kuhakikisha majina ya vijito vinavyoshuka kutoka mlimani. Marcella Kaari alikuwa anafua nguo mtoni, akawaona wanaume wawili wenye sare wameinamia karatasi.

"Jeshi lina shida gani na mto wetu?" akauliza.

"Mto hauna makosa," Ndambiri akajibu. "Nataka jina lake tu."

"Na ukishapata jina?"

"Naliandika."

Marcella akamtajia jina la mto, akakamua nguo, akasema, "Haya, sasa andika na langu, usije ukasahau ulimuuliza nani."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 1988. Wakabarikiwa watoto wawili, Gedion na Ruguru. Katika nyumba ile kulikuwa na ugomvi mmoja tu ambao haukuisha miaka yote: Ndambiri aliuita mlima wetu Kirinyaga, mkewe aliuita Kirimaara, na kila mmoja alidai upande wake ndio unaoonyesha theluji vizuri. Watoto waliamua kuuita Mlima, wakaachana na vita vya wazazi.

Sasa tumefika mahali ambapo dada yake angependa kupakwepa, lakini hawezi.

Mwaka 1985, kabla ya kuoa, Ndambiri aliwekewa mezani karatasi ya ramani iliyokuwa na kwao. Kazi yake ilikuwa kupitisha wino juu ya kontua, ile mistari inayozunguka vilima kuonyesha mwinuko, ambayo watu wengine walikuwa wameichora kwa penseli kutoka kwenye picha za ndege. Alipofika Karima alikuta mstari mmoja umejikunja ghafla, umeingia ndani kama alama ya kijiko kwenye ugali, kisha ukatoka. Kanuni ya meza yao ilikuwa kwamba mkunjo mdogo sana hunyooshwa, ramani isichafuke. Naye alidhani tu kwamba aliyeshika penseli alikuwa amechoka. Akaunyoosha. Thuranira anakumbuka alivyojivuna, akasema kwao sasa kumependeza. Ramani ikachapishwa.

Miaka kumi na moja baadaye zikaja picha mpya za ndege. Ndambiri alichukua mbili za Kanja, akaziweka chini ya stereoskopu, kifaa chenye miwani ambacho ukitazama nacho picha mbili kwa pamoja vilima huinuka kutoka kwenye karatasi. Alitaka kuona nyumbani tu, kama mtu yeyote. Karima ikainuka. Akaona kwamba ubavu wa kilima una pengo, kama mahali palipochotwa, na chini ya pengo hilo, pale pande la kilima lilipokuja kutulia lilipoporomoka zamani ambazo hakuna ukoo unaozikumbuka, palikuwa na tambarare nzuri. Juu ya tambarare hiyo kulikuwa na paa la mabati. Lilikuwa paa la mama yake.

"Aliweka penseli chini, akaisukuma mbali," Thuranira alitueleza juzi. "Nikamuuliza, 'Ndambiri, ni nini?' Akaniambia, 'Kwetu tunalala juu ya maporomoko. Na alama yake niliifuta mimi.'"

Aliomba ramani irekebishwe. Aliambiwa itarekebishwa zamu yake ikifika, kwa sababu karatasi za mipakani ndizo zilizotangulia. Kanja haikuwa na adui, kwa hivyo haikuwa na haraka. Picha zenyewe hazikuruhusiwa kutoka chumbani, naye alikuwa amekula kiapo. Alikuja likizo na hofu bila karatasi. Alimwambia mama yetu kwa mdomo, akichora na kidole mezani, na mama Ruguru akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi ndiye nilikuta hicho kilima hapa ama ni kilima kilinikuta?" akamuuliza. "Ni mimi nilikikuta. Basi kimenizoea."

Mama yetu alifariki mwaka 2001 kwa uzee, kitandani mwake, na Karima haikuwa imeangusha hata jiwe. Watu walicheka. Rwamba pia alicheka, na siku hizi kicheko kile kinamrudia akiwa peke yake jikoni.

Ndambiri alipostaafu alirudi Sahani kwa sababu hakuwa na mahali pengine, na kwa sababu Marcella alishapanda kahawa na kuzoea ng'ombe wake. Alilima, alihudumu kanisani, aliwafundisha vijana wa Sunday School kuchora ramani ya safari za Mtume Paulo. Kisha zikaja mvua za mwaka 2018. Mnazikumbuka. Alipanda Karima asubuhi moja kukata kuni, akakuta ufa kwenye nyasi, mrefu, umepinda, unafuata mkondo ule ule wa mstari alioufuta. Aliingiza fimbo, haikugusa chini. Alituambia baadaye kwamba alikaa pale chini akalia, mtu mzima, kwa hofu.

Tangu siku hiyo alianza kuona yale ambayo sisi tuliyaona tukayaita ya kawaida. Miti ya migrevilia ya juu iliinama yote upande mmoja. Mlango wa jikoni, uliofungwa vizuri tangu zamani, ukaanza kukwaruza fremu. Chemchemi ya chini ikatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa hata wakati wa jua. Alikwenda kwa majirani mmoja baada ya mwingine, wakamkaribisha uji, wakamsikiliza, na alipotoka wakamwita Mzee wa Ufa.

Akafikiria njia ya kuthibitisha. Alipiga kigingi kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule, akafunga kamba katikati, ili kilima kikisogea kamba ivutike watu waone. Mtu wa ramani anaona hapo kipimo. Lakini mtu wa Kanja akiona Sajenti mstaafu wa mambo ya ramani anapiga vigingi karibu na shamba lake, haoni kipimo hata kidogo. Anaona mpaka. Jirani yetu Mzee Namu aliving'oa siku ya pili. Jambo likafika kwa chifu, na katika baraza Mzee Namu akasimama.

"Huyu amekula pensheni ikaisha, sasa anataka kula shamba," akasema. "Ati kilima kinatembea. Kilima kinaenda wapi?"

Watu walicheka hadi chifu akatoa kitambaa kufuta macho. Ndambiri alirudi nyumbani, akanunua vyuma viwili badala ya vigingi, akavipigilia mpaka vikabaki kama vichwa vya misumari, visionekane. Alikata kamba ikawa sawa kabisa na nafasi iliyokuwa kati ya vyuma hivyo, akaining'iniza nyuma ya mlango. Kila mvua kubwa ilipopita alipanda kupima. Mara nyingi kamba ilifika, akashuka akiwa amechangamka hata akaomba chai ya pili. Mara nyingine ilipungukiwa kidogo, akakata kamba nyingine, na siku hizo chai yake ilipoa mezani.

Hofu yake kubwa haikuwa ya nafsi yake. Mwanawe Gedion, anayefanya kazi ofisini mjini Embu, alikuwa ameoa Winrose, wakapata binti, Kaari, na waliishi kwenye nyumba ya wazee wakijiandaa kujenga yao. Mwaka jana Gedion alichimba msingi pale pale Sahani, katikati ya tambarare. Baba yake alimwomba ajenge ng'ambo, kwa shangazi yake. Alimwomba kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kunyamaza. Gedion hakuwa mtoto mkaidi, na hilo dada wa marehemu analisema mbele ya watu. Alikuwa mtu wa kutaka ushahidi, akautafuta. Alikwenda akanunua ile ramani ya mwaka 1985, akaikunjua juu ya meza ya kulia.

"Baba, hii si ni kazi yako?" akauliza. "Ona hapa Karima. Hii line ni smooth kabisa. Hakuna kitu."

"Hiyo laini niliinyoosha mimi."

"Sasa niamini gani? Wewe wa zamani ama wewe wa leo?"

Ndambiri alipitisha kidole juu ya mstari wake mzuri. "Mkono wangu ulikudanganya kabla hujazaliwa," akasema. Alitoka nje. Marcella alimkuta amesimama kwenye msingi, ameangalia juu.

Tangu hapo, kila mawingu yalipojikusanya juu ya mlima, mlimwona akivuka bonde na mjukuu mgongoni, amefunikwa na nailoni, anamleta kwa Rwamba. Watoto wa shule walimpigia miluzi kama wale wa kale. "Mwoga wa Kanja amepita," walisema. Kaari naye alikuwa akicheka mgongoni, kwa sababu kwake ule ulikuwa mchezo. Kwenye daraja la miti, guka yake, yaani babu, alisimama kwanza, akalichoma kwa fimbo, ndipo akakanyaga. Rwamba aliyaona hayo kutoka dirishani, akakumbuka mgongo ule ule, na hata hivyo hakumwambia Gedion neno. Aliogopa kuingilia kati ya baba na mwana. Ni woga pia, lakini usio na faida.

Ijumaa tarehe 3 Novemba mwaka huu alipanda kupima katika hizi mvua ambazo hazijui kukata. Mvua ilimkuta juu. Alishuka amelowa, akaanza kukohoa, na Jumatano tarehe 8 Marcella akasema mumewe atatibiwa kwao, kwa watu anaowajua. Alipelekwa hospitali ya misheni huko Nkubu, akalazwa na nimonia, na moyo wake uliokuwa umechoka haukuweza kuibeba. Wauguzi walimhudumia vizuri sana na familia inawashukuru. Shida yao ilikuwa moja, kwamba mvua ilipogonga mabati ya wadi, mzee alitaka kutoka kitandani.

Jumanne tarehe 14 aliwaita Gedion, Marcella na Rwamba.

"Gedion, umemwaga zege?"

"Bado, Baba. Mvua imetuzuia."

"Usimwage. Nizike hapo. Katikati, pale ulisema ni sebule."

Gedion alishtuka akainuka. "Baba, usiseme hivyo, tafadhali. Hiyo ni kirumi."

Kwa wageni wetu, kirumi ni neno la mwisho la mzazi, ambalo mtoto akilivunja linamfuata hadi kwa watoto wake. Hata sisi tunaokwenda kanisani kila Jumapili, tukilisikia likitajwa tunaangalia chini.

"Si kirumi. Mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kukufunga," Ndambiri akasema. Alikuwa anatafuta pumzi. "Naomba tu. Watu wetu hawajengi juu ya kaburi. Ile alama niliifuta, wacha nikae hapo mimi, niwe alama."

"Na kilima kikikuja, Baba Gedion?" Marcella akauliza.

"Kinikute mimi. Sisi tumejuana."

Halafu akaomba ashikwe mkono. Aliogopa kufa kama alivyoogopa kila kitu, na hakujificha. Aliwashika wote, akauliza kama kumeanza kunyesha, akaambiwa hapana. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Novemba 2023, saa moja asubuhi, jua likiwa limetoka.

Mazishi yakaleta maneno. Wazee walisema mtu huzikwa karibu na wazazi wake, upande wa kahawa. Mchungaji alisema Mungu anajua kaburi popote lilipo. Gedion aliuzunguka msingi wake siku tatu, kisha akamwambia shangazi yake Rwamba, kwa hasira ya mtu aliyelia, "Tata, huyu mzee amenishinda hata akiwa amelala." Alikuwa ameamua kumzika upande wa kahawa. Nyumba angejenga. Kirumi angeombewa.

Jumatatu iliyopita, tarehe 20, mvua ilipokatika asubuhi, Gedion alichukua ile kamba nyuma ya mlango akapanda Karima. Anasema hakwenda kupima. Alikwenda kung'oa vile vyuma, ng'ombe wasije wakajikwaa, kwa kuwa aliyevihitaji ameondoka. Lakini alipofika alifunga kamba kwenye chuma cha kwanza, kwa mazoea ya kumwona baba yake, akatembea nayo kuelekea cha pili. Kamba ikaisha. Chuma cha pili kilikuwa kule mbele, zaidi ya urefu wa mkono wake. Akarudi, akaangalia fundo, akanyoosha tena, akavuta mpaka vidole vikauma. Kamba ile baba yake aliikata akiwa hai, siku ile ya mwisho aliyonyeshewa.

Rwamba alikuwa Sahani siku hiyo, anamenya viazi na Winrose kwa ajili ya wageni wa matanga. Gedion aliingia jikoni na kamba mkononi. Ilibidi asukume mlango kwa bega ndipo ufunguke.

"Winrose, beba mtoto," akasema.

"Kuna nini?"

"Beba mtoto, twende."

Hakuna aliyemuuliza tena. Viazi viliachwa kwenye maji. Wameshavuka wote, Marcella na ng'ombe wake pia, baada ya kubishana nao darajani. Chifu amearifiwa, na safari hii hakutoa kitambaa. Familia zote zilizokuwa chini ya Karima zimelala ng'ambo hii wiki nzima, na yeyote mwenye nafasi ya kuwapokea amwone mchungaji baada ya ibada. Mzee Namu alikuja jana jioni kwa Rwamba akiwa na kitu ndani ya gunia. Vilikuwa vile vigingi vya kwanza. Alikuwa amevihifadhi stoo miaka yote hii, kwa sababu kung'oa mpaka aliweza lakini kuuchoma moto aliogopa. Aliviweka miguuni pa jeneza, akakaa chini, akakubali chai.

Kaburi limechimbwa pale marehemu alipoomba, katikati ya msingi. Gedion amelichimba mwenyewe na wenzake, mmoja akiwa juu anaangalia kilima wakati wote. Msingi uliobaki utafukiwa leo.

Nyuma ya programu hii mtaona mchoro wa Karima. Umechorwa wiki hii na Thuranira na Gedion, meza moja, kwa kalamu moja. Mstari ule uliojikunja umerudishwa mahali pake. Tafadhali msiutupe pamoja na karatasi nyingine. Uwekeni ukutani, muwaonyeshe watoto mahali pasipojengwa.

Marehemu ameacha mjane, Marcella Kaari. Watoto wawili, Gedion na Ruguru. Mkaza mwana, Winrose. Mjukuu mmoja, Kaari. Dada mmoja, Rwamba. Na Thuranira, ambaye damu si yetu lakini tumemwandika hapa. Ametanguliwa na wazazi wake, Mzee Kathuri na mama Ruguru.

Wabebaji sasa wanaweza kuinua jeneza. Tembeeni polepole darajani, na wa mbele achome miti kwa fimbo kwanza. Hakuna atakayempigia mluzi.

Kaka, umekesha vya kutosha. Mvua ya leo na ya kesho tutaisikiliza sisi. Wewe pumzika kwa amani.